Uyoga wa Mwaka Juzi

Kifurushi kilishuka na basi la saa nane
kimefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu,
maneno yake yamekatwa katikati: NI AKIBA.
Akiba ya nini, mkasi ulikwenda nayo.
Kondakta akanipigia: "We mama wa Barabara ya Kumi na Tatu,
njoo uchukue mzigo wako,
unanuka kabati la marehemu."

Nikaufungua mezani.
Uyoga. Umekunjamana, mweusi ukingoni,
mwepesi hata mizani ya Mgandini ingeona haya kuupima.
Na karatasi ya daftari, mwandiko wa mtoto:
*Anaandika Shebughe. Bibi haoni mistari.*
*Anasema huu ni wa mwaka juzi, wa masika,*
*kabla ukungu haujamwingia machoni.*
*Wa mwaka huu hakuna. Tulimletea kikapu kizima*
*akaupapasa, akaunusa, akaumwaga shimoni.*
*Anasema mkono unajua, ila mkono hauapi.*

Nikachemsha maji.
Nikautia kwenye bakuli la bati, nikafunika kwa sahani,
nikakaa.
Uyoga mkavu haupendi kuharakishwa;
ukiurusha sufuriani mkavu vile, utatafuna ndala.

Bi Mwanamvua akachungulia dirishani,
jina lake la mvua, lakini haamini kinachoota na mvua.
"Wa mwitu huo?"
"Wa mwitu."
"Tia kitunguu. Kikiwa cheusi, mwaga."
Nikamwambia shangazi Zaina aliucheka ushauri huo
miaka yote niliyomfuata msituni kule Bumbuli:
kitunguu kinajua nini? Kimezaliwa shambani.
Aliyezika jirani zake wawili kwa mchuzi mmoja
haulizi kitunguu.
Yeye aligeuza kila mmoja, akatazama chini ya kofia,
akachimba mpaka shina,
na wenye shaka, hata kidogo, aliuacha pale ulipoota.
"Njaa ina kesho," alisema. "Sumu haina."

Nilipofunua, maji yamekuwa chai ya rangi
na nyumba zimeanza kusimama.
*Nyumba yangu ina nguzo moja* —
tulikijibu kitendawili hicho kabla hakijateguliwa,
tukigombania nani kasema kwanza.
Sasa nguzo zinavimba polepole mbele yangu, Ngamiani,
mwendo wa kutwa nzima kutoka kwenye mvua yao.

Na chini ya bakuli, mchanga.
Mwekundu. Si huu wetu mweupe wa Raskazone
unaoingia mpaka kwenye kitanda.
Nikayachuja maji kwa kitambaa, mara mbili,
maana ladha yote imo humo,
nikasuuza, nikakamua, nikakatakata.
Kitunguu kikakaangwa (cheupe, kisha dhahabu,
Bi Mwanamvua kakikodolea macho),
nyanya moja, chumvi, yale maji ya chai,
mwisho tui zito, moto mdogo, mwiko upande mmoja
lisije likakatika.

Nikasonga bada.
Nikala tonge la kwanza peke yangu
na jirani kasimama mlangoni kama daktari wa zamu.
Nilitafuna taratibu.
Ulikuwa na ladha ya jani lililolala chini ya jani,
ya moshi wa dari alikoutundika,
na kitu kingine ambacho sikukijua
mpaka nilipokumbuka ile karatasi:
nilikuwa nakula masika ya mwisho ya macho yake.
Kila kipande humu alikiona.

"Umekufa?" akauliza Bi Mwanamvua.
"Bado."
Akavuta mkeka, akanawa.
Alikula kuliko mimi.

Usiku nikapiga simu. Shebughe akamshikia sikioni.
Nilikuwa nimepanga maneno mengi.
Yeye akawahi:
"Mmeuunga na nini?"
"Nazi, shangazi."
Kimya. Kisha mguno mrefu wa watu wa milimani.
"Nazi! Haya. Na mchanga ulitoka?"
"Ulitoka."
"Wote?"

Nikatazama dirishani, kwenye kopo la mrehani
nilikoumwagia ule mchanga mwekundu.
"Wote," nikasema.